Kipimo Husomwa Saa Tatu

Alhamisi, 5 Februari

Kaka, shikamoo.

Mto wetu umeshuka sentimita arobaini na nne tangu ulipoacha kuupima. Aliyesema hivyo si mimi. Ni katibu wa darasa langu la sita, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye wenzake wanamwita Spika kwa sababu hana sauti ya chini. Alisema jana saa tatu na dakika ishirini, amesimama kwenye jiwe chini ya daraja, daftari lako mkono mmoja na penseli mkono wa pili.

Nikueleze ilivyokuja. Muhula huu Mwalimu Mkuu amenikubalia kulitoa darasa nje kila Jumatano kwa vipindi viwili. Alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino. Sharti lake ni moja: "Urudi na somo, usinirudie na matope." Wiki ya kwanza tulichora ramani ya mitaro kutoka lango la shule hadi sokoni. Wiki ya pili tulichimba udongo mahali panne na kuulinganisha. Mtoto mmoja, ambaye hajanyoosha mkono darasani tangu nilipompokea, aliufinya udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akasema: "Huu una mchanga mwingi. Tofali lake litapasuka tanuruni." Mama yake anafyatua matofali kule juu ya daraja. Tangu siku hiyo tunamwita Tofali, naye anaitika kwa kicheko.

Ndipo nikakumbuka sanduku la bati uliloniachia. Watoto hawakuamini kwamba kuna mtu aliyelipwa na ofisi ya maji kwenda mtoni kila siku saa tatu asubuhi, miaka nenda miaka rudi, kusoma namba moja na kuiandika. Spika aliuliza: "Na Jumapili?" Nikamwambia na Jumapili.

Nguzo yako ya kupimia bado imesimama, ingawa kituo kimefungwa miaka tisa sasa. Namba zinasomeka, sifuri hadi mia mbili. Jana imesoma 68. Wastani wa wiki kama hii katika madaftari yako kumi na moja ya mwisho ni 112. Hesabu wamefanya wenyewe, na wameirudia mara tatu.

Mwenyekiti wa mtaa amewaalika watoto waieleze kwenye mkutano wa wakazi, Jumamosi ya tarehe 14. Kabla hatujasimama mbele ya watu nakuuliza: kuna lolote kuhusu nguzo hiyo ninalopaswa kujua?

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tuliongea dakika kumi na nadhani yalikuwa mazungumzo mawili tofauti. Jibu kwa basi.

Mdogo wako,
Mwalimu


Jumatatu, 9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua ilifika Jumamosi. Kondakta wa basi aliileta mwenyewe mpaka kwenye cherehani ya binti yangu. Umefanya vizuri kuandika. Ukituma ujumbe kwa simu yake, huusoma kwa sauti mbele ya wateja, hata waliokuja kupimwa kiuno tu wanaondoka na habari zangu. Hapa nimepewa nusu ya meza ya kukatia nguo, na muda wangu unaisha bibi harusi mmoja akifika.

Nimefurahi kwamba watoto wanakwenda mtoni. Waambie wasome wakiwa wamechuchumaa, macho yawe usawa wa maji. Anayesoma akiwa wima anajidanganya kwa sentimita mbili au tatu. Maji yakicheza, soma yanapopanda, soma yanaposhuka, kata katikati. Wasisome upande ulioshika majani. Wapime na upana pia, upana hausemi uongo.

Kuhusu mkutano, sioni haraka. Mto haukimbii, ingawa ndiyo kazi yake. Pimeni mwaka mzima kwanza, masika na kiangazi, kisha mseme. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nguzo ni nguzo tu. Mbao ngumu, rangi nilipaka mimi. Huyo mtoto aliyeuliza habari za Jumapili ana akili. Mwambie Jumapili nilikuwa nakwenda nimevaa viatu.

Mgongo unaendelea vizuri. Masikio yamestaafu kabisa.

Kaka yako


Jumapili, 15 Februari

Kaka,

Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Niliisoma, nikaona ni ya mtu anayependa mambo yaende polepole, nikaiweka kwenye mkoba. Jana tulikwenda mkutanoni.

Spika alisimama juu ya benchi. Alisema tulipima nini, wapi, saa ngapi, na tofauti ni kiasi gani. Hakusema neno juu ya sababu; nilimfundisha hivyo, na alishika. Lakini watu hawakuhitaji kuambiwa. Kabla hajashuka kwenye benchi mtu mmoja alipaza sauti: "Pampu! Pampu za matofali ndizo zinazounywa mto!" Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza hesabu.

Mama Tofali alinyoosha mkono akangoja mpaka aliporuhusiwa. Akaniuliza mimi, si watoto: "Mwalimu, mimi naingia mto ule kila asubuhi mwaka wa kumi na tano. Maji ya Februari yananifika juu kidogo ya goti. Mwaka huu yamenifika juu kidogo ya goti. Hizo sentimita zenu zimepita wapi?" Watu wakacheka. Mmoja akamwambia labda yeye ndiye aliyefupika. Na mimi, Kaka, nilitabasamu. Nilikuwa na madaftari kumi na moja mkononi. Yeye alikuwa na goti.

Mwenyekiti ameamua pampu zote sita za wafyatuaji matofali zisimame mpaka mvua zianze. Zimefungiwa stoo ya ofisi ya mtaa.

Leo Mwalimu Mkuu ameniita nyumbani kwake. Wafyatuaji wamemwandikia kwamba shule inawatumia watoto kuwachongea wazazi. Kuanzia kesho masomo ya nje yamesimamishwa. Mkaguzi wa elimu anakuja Jumatano, tarehe 18 Machi, na yeye ndiye atakayesema yarudi au yafutwe. "Nilikwambia usinirudie na matope," alinikumbusha. Hakuwa na hasira. Alikuwa anakunja shati.

Sikuoni ukijibu swali langu katika barua yako. Nalirudia: kuna lolote kuhusu nguzo?

Mdogo wako


Jumatano, 18 Februari

Kwa Babu wa Nguzo,

Shikamoo Babu. Mimi ni katibu wa darasa la sita. Mwalimu anajua kwamba nakuandikia lakini hajasoma barua hii, amesema barua ni ya mwenyewe.

Leo ni Jumatano na hatukutoka. Tumekaa darasani na madaftari yako. Tofali hajaja shule tangu Jumatatu. Dawati lake nimeliwekea mfuko wangu ili lisikae tupu, lakini linaonekana tupu tu.

Babu, mwandiko wako ni mzuri. Saba yako ina mkia kama ya Mwalimu. Tumeona mahali ulipoandika "mvua ya mawe", na "mbuzi amekula ukurasa, nimeandika upya".

Tuna swali. Katika daftari la zamani kabisa, lile ambalo mchwa wameanza kulila pembeni, kuna siku ya mafuriko uliyoandika: "Maji yamepita 200. Nguzo imezama, haisomeki." Hilo tumelielewa, kwa sababu nguzo tumeiona na namba zake zinaishia 200. Lakini katika daftari la nne la baada ya hapo, tarehe 3 Mei, umeandika 231. Tarehe 4 umeandika 226. Hukuandika kwamba imezama. Umeandika kama siku ya kawaida.

Uliisomaje 231 kwenye nguzo inayoishia 200?

Mwenzetu mmoja amesema labda ulikuwa na rula ya kuongezea. Mwingine amesema ulikisia. Mimi nimesema Babu aliyekwenda Jumapili hawezi kukisia. Tumepiga kura tukakubaliana tukuulize.

Naomba jibu kabla ya tarehe 18 Machi, kwa sababu mkaguzi anaweza kuuliza na mimi ndiye nitakayejibu.

Wako mtiifu,
Katibu, darasa la sita (Spika)


Ijumaa, 27 Februari

Kaka,

Siku tisa, hakuna barua. Spika anasimama langoni kila basi linapopita. Kondakta ameshamzoea, akimwona tu anatikisa kichwa kwa mbali.

Jana nilikwenda kwa Mama Tofali. Unapakumbuka: ukishavuka daraja, njia ya kushoto, halafu uwanja wa udongo mwekundu. Matofali mabichi yamepangwa nusu mstari, mengine yamepasuka kwa jua kwa sababu hakuna maji ya kumalizia kazi. Wafanyakazi wake wanne wamekaa chini ya turubai wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Yeye alikuwa anachota kwa ndoo, kutoka mtoni mpaka uwanjani, safari ya hatua mia moja na sitini. Nilizihesabu kwa sababu nilibeba ndoo moja.

Nilimwomba Tofali arudi shule. Hakunigombeza. Alisema: "Mwalimu, siku mliyopima, nani alishika tepu upande wa maji?" Nikamwambia ni Tofali, ndiye asiyeogopa kulowa. Akasema: "Basi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu alikuja nyumbani siku ile anaruka, mama leo nimepima mto. Nikampikia chakula anachokipenda." Akachukua ndoo yake akaenda.

Tofali alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, anatusikiliza. Hakunisalimia. Mtoto huyu, mwezi uliopita, ndiye aliyewafundisha wenzake thelathini na nane kutofautisha udongo kwa vidole.

Spika ameniambia alichokuuliza. Nimeitazama hiyo 231 mwenyewe. Umenilea, Kaka, najua ukinyamaza huwa hujasahau. Sema.

Mdogo wako


Jumapili, 1 Machi

Mdogo wangu,

Kati ya hizo sentimita arobaini na nne, arobaini na moja ni zangu.

Nakupa habari kama ilivyokuwa. Miaka ishirini iliyopita, wiki ya mafuriko makubwa, sikuwepo mtoni siku mbili. Ofisi ilikuwa na sheria: msomaji haondoki bila kuandika barua na kuletewa mtu wa kushika zamu. Mimi sikuandika. Niliporudi nilikuta gogo limeegemea daraja na nguzo imelala ubavu, imeshikwa na mzizi.

Nilitakiwa kutoa taarifa. Mpimaji wa ofisi angekuja na darubini yake, angeisimamisha upya na kuandika urefu wake. Na angeuliza nilikuwa wapi. Nikaisimamisha mwenyewe. Nilichimba mpaka jiwe likanizuia, haikuingia kama zamani. Ilibaki imenyanyuka. Nilipima tofauti kwa tepu ya fundi cherehani na alama ya maji niliyokuwa nimeikwaruza ukutani mwa daraja. Nikapata arobaini na moja.

Tangu siku hiyo nikisoma 70 naandika 111. Nilisoma, nikaongeza, nikaandika. Miaka kumi na moja. Namba za daftarini ni za kweli, nguzo ndiyo iliyohama. Hiyo 231 ilikuwa 190 kwenye nguzo. Kila mtu ofisini aliipokea bila kuuliza. Imeonwa na mtoto wa darasa la sita.

Kituo kilipofungwa nilidhani jambo limefungwa nalo. Barua yako ya kwanza ilipofika nilijua ndani ya dakika moja. Ndiyo maana nilikushauri msubiri mwaka mzima. Ule haukuwa ushauri. Nilikuwa najificha nyuma ya methali.

Utataka kujua siku zile mbili nilikuwa wapi. Nilikuwa nimebeba sanduku lako. Ndizo siku nilizokusindikiza chuo cha ualimu, na barabara ilikatika tukalala njiani. Sikwambii ili unionee huruma, wala ili ubebe chochote. Ningeweza kuandika barua ya ruhusa. Niliona ni uvivu tu kuandika barua kwa siku moja.

Kaka yako


Jumatano, 4 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako nimesimama ofisini, halafu nikaisoma nimekaa.

Nakumbuka safari ile. Nakumbuka uliniambia umepewa ruhusa.

Nimekasirika, na nitaendelea kwa muda, usinisumbue. Lakini niseme na langu. Mimi nilikuuliza swali, hukulijibu, nikachukua ukimya wako kuwa jibu. Nimewafundisha watoto kwamba kipimo hakiaminiki mpaka nacho kipimwe, kisha nikawapeleka mkutanoni na kipimo ambacho sikukipima kwa sababu kiliwekwa na kaka yangu. Tulisoma siku moja tu, tukasimama juu ya benchi. Mwenye goti alisema kweli na mimi nikatabasamu.

Sasa kuna njia mbili. Naweza kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba nguzo ilihama wakati wa mafuriko, bila kusema nani aliisimamisha. Ni kweli, na hakuna atakayeuliza. Au niseme yote. Nikisema yote, watu watasema yule msomaji aliyejulikana mji mzima kwa kutokosa siku alikuwa anapika namba. Hawatangoja maelezo. Na Mwalimu Mkuu anaweza kusema: unaona, mlitoka nje mkarudi na kosa, na kosa lenyewe la familia yako.

Siamui mimi. Jina ni lako. Ila ujue kwamba pampu sita ziko stoo, na Spika bado anasimama langoni.

Mdogo wako


Jumamosi, 7 Machi

Kwa Katibu wa darasa la sita,

Marahaba mjukuu wangu. Nimechelewa kukujibu siku kumi na saba. Swali lako lilikuwa zuri na mimi niliogopa.

Sikuisoma 231. Nilisoma 190, nikaongeza 41. Nguzo iliangushwa na mafuriko wakati nilikuwa nimeondoka kazini bila ruhusa. Niliisimamisha mwenyewe, ikabaki juu kuliko mwanzo, na sikumwambia mtu. Kila asubuhi niliongeza 41 kichwani. Ninyi hamkujua, kwa hiyo mlisoma bila kuongeza. Hesabu yenu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye nguzo, na nguzo ni yangu. Barua hii umsomee Mwalimu Mkuu na yeyote atakayeuliza, jina langu kamili liko kwenye bahasha.

Lakini usikubali kwa sababu nimesema. Nimeshakaa kimya miaka ishirini, huna sababu ya kuniamini. Pimeni.

Kwenye mguu wa kwanza wa daraja, upande wa shule, kuna boliti ya chuma iliyopakwa rangi nyekundu. Mpimaji wa ofisi aliiweka. Sifuri ya nguzo ilitakiwa iwe mita tatu na sentimita ishirini chini ya kichwa cha boliti hiyo. Tafuteni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi hujaza maji wapate usawa. Ncha moja kwenye boliti, ncha nyingine kwenye nguzo. Maji yakitulia pande zote mbili, mmepata mstari ulionyooka. Hakikisheni hakuna mapovu ndani, povu moja linaharibu kazi yote. Kisha shukeni na tepu mpaka sifuri.

Na mrudishe rafiki yako kwenye dawati lake. Mwambie tepu aliishika vizuri.

Babu wa Nguzo


Alhamisi, 12 Machi

Babu wa Nguzo,

Shikamoo Babu.

Barua yako nilimsomea Mwalimu Mkuu ofisini kwake. Alivua miwani, akaivaa, akasema nisome tena polepole. Kisha akauliza: "Huo mpira unapatikana wapi?" Nikamwambia Mama Tofali anao, alijengea tanuru. Akasema: "Basi kauombe wewe mwenyewe." Nilikwenda, Babu.

Nilimsomea na yeye. Nilipofika mahali pa 231 alicheka peke yake. Halafu akasema: "Kwa hiyo goti langu halikufupika." Nikasema hapana Mama, shikamoo, tunaomba mpira. Akanipa. Akasema Tofali atakuja nao, kwa sababu mpira si wa kumwachia mtu asiyejua kutoa mapovu.

Jana tumetoka. Mwalimu Mkuu amesema haikuwa somo, ilikuwa uchunguzi. Alikuja mwenyewe na akavua viatu. Yeye alishika ncha ya bolitini na Tofali ncha ya nguzoni. Tofali alimwambia, "Mwalimu Mkuu, usitikisike," na Mwalimu Mkuu hakutikisika. Tulipima mara tano. Tulipata mita mbili na sentimita sabini na saba, mara nne. Mara moja tulipata sabini na nane, lakini mtu alikuwa amepiga chafya.

Kwa hiyo nguzo imenyanyuka sentimita 43, siyo 41. Babu, samahani, ulikosea sentimita mbili kila siku kwa miaka kumi na moja. Hesabu yake tumeifanya, siku 4,018, lakini Mwalimu amesema nisikuandikie jumla.

Kuhusu mto: wewe ulikuwa unasoma kama 71 kwenye nguzo kabla ya kuongeza 41, sisi tumesoma 68. Nguzo ni ileile, haijahama tena. Mto umeshuka sentimita tatu, na kwa siku moja ya kusoma hatuwezi kusema hata hizo tatu ni kitu.

Jumamosi kuna mkutano. Nitasimama tena kwenye lile benchi niseme tulikosea. Nimefanya mazoezi chooni kwa sababu kuna mwangwi.

Spika


Jumapili, 15 Machi

Kaka,

Spika alisimama jana, akasema kwa dakika nne. Alisoma barua yako yote, pamoja na jina lako. Nilikuwa nimemwambia anaweza kuiruka sehemu ya "bila ruhusa". Hakuiruka.

Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema: "Yule jamaa? Mimi nilikuwa naseti saa yangu kwa kumwangalia akipita." Mwingine akasema hata saa yako basi itakuwa ya kuongezea. Wakacheka, nami nikacheka. Wapo waliokusema vibaya pia, sikufichi. Mmoja alitaka kujua ofisi ya maji ingekufanya nini. Mwenyekiti alimjibu kwamba ofisi yenyewe ilishafungwa.

Mama Tofali amerudishiwa pampu yake, na wenzake watano zao. Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya watu, si pembeni. Aliniangalia, akasema, "Kesho kutwa nachoma tanuru, leta watoto waone moto kwa mbali." Hakunipa mkono. Mkono ulikuwa na udongo, au hakutaka. Sikuuliza.

Bado kuna mkaguzi. Mwalimu Mkuu amempelekea taarifa yenye kurasa mbili, barua yako ikiwa imeambatishwa. Sijui ameandika nini humo. Mkaguzi amejibu kwa mistari mitatu: atakuja Jumatano kama ilivyopangwa, hataki kukaa ofisini, anataka kuona kipindi kikifundishwa mtoni, na kama inawezekana yule msomaji awepo. Uamuzi wake atauandika palepale. Nikimuuliza Mwalimu Mkuu anaonaje, anasema, "Lete viatu vya akiba."

Sijamaliza kukasirika. Lakini chumba cha nyuma nimekifagia.

Mdogo wako


Jumatatu, 16 Machi

Mdogo wangu,

Kondakta anasubiri, naandika kwa ufupi. Barua hii itanitangulia kwa siku moja.

Napanda basi la kesho, saa kumi na mbili asubuhi, kiti cha dirishani. Binti yangu amenishonea suruali ya kukunjika hadi gotini. Mwambie Katibu sentimita zile mbili nimezipokea, ni sahihi, tepu ya fundi cherehani ilikuwa imevutika.

Jumatano, tarehe 18, saa tatu kamili, chini ya daraja. Asome Spika, ashike tepu Tofali. Nami nipeni penseli: nitaandika namba atakayoitaja, bila kuongeza kitu.

Kaka yako